Kuongeza Njia ya Mkato ya Programu kwenye Menyu ya Kompyuta ya Mkononi Inayotumia Linux

MALENGO

Baada ya kusoma sehemu hii, mtahiniwa aweze:

(a) kueleza maana ya njia ya mkato na kuitofautisha na programu yenyewe;
(b) kutaja sehemu kuu za faili la njia ya mkato katika Linux na kazi ya kila sehemu;
(c) kuandika faili hilo na kuliweka mahali panapotakiwa;
(d) kutafuta chanzo cha kosa pale njia ya mkato inapokataa kufanya kazi;
(e) kueleza hatari ya njia za mkato za uongo na namna ya kuokoa mafaili.

1. UTANGULIZI

Isaka ni mji mdogo wa Mkoa wa Shinyanga wenye bandari kavu. Reli ya kutoka Tabora kwenda Mwanza hukutana hapo na barabara kuu iendayo Kahama hadi Rusumo, mpakani mwa Rwanda. Makontena hushushwa kutoka kwenye mabehewa, hupangwa uwanjani, kisha hupakiwa kwenye malori yaendayo nchi jirani.

Dereva anayefika kuchukua mzigo hubeba karatasi. Karatasi hiyo inaonyesha namba ya kontena na maelezo ya mzigo. Karatasi si kontena. Ikichanika, kontena bado liko uwanjani. Kontena likihamishwa bila karatasi kurekebishwa, dereva atafika mahali patupu. Na karatasi ikiwa ya kughushi, dereva anaweza kuondoka na mzigo usio wake.

Njia ya mkato katika kompyuta, ambayo wengi huiita shotikati, ni karatasi ya namna hiyo. Mambo hayo matatu, yaani kuchanika, kuhama na kughushiwa, yatarudi katika sehemu zote za mada hii. Yaweke akilini, kwa sababu maswali mengi kuhusu njia za mkato hurudi kwenye jambo moja: njia ya mkato huelekeza kwenye programu, lakini si programu.

2. MAANA

Njia ya mkato ni faili dogo linalohifadhi jina, aikoni na mahali ilipo programu, ili mtumiaji aweze kuifungua kwa kugusa au kubofya mara moja bila kuitafuta ndani ya mafolda.

Katika Windows, faili la njia ya mkato huwa na kiendelezi .lnk na haliwezi kusomwa kwa urahisi kwa macho. Katika Linux, faili hilo huwa na kiendelezi .desktop na ni maandishi ya kawaida. Unaweza kulifungua kwa kihariri chochote cha maandishi, ukalisoma na ukalirekebisha. Kanuni za uandishi wake zimewekwa na freedesktop.org, jukwaa lililoanzishwa mwaka 2000 ili menyu mbalimbali za Linux zifuate utaratibu mmoja. Ndiyo maana faili moja linaweza kutumika katika GNOME, KDE na menyu nyingine nyingi.

3. VIFAA VYA MKONONI

Kiini cha Linux kilianzishwa na Linus Torvalds mwaka 1991 akiwa mwanafunzi wa chuo kikuu nchini Finland. Leo kiini hicho kimo ndani ya vifaa vingi vinavyoshikika mkononi. Nokia N900 ya mwaka 2009 ilitumia mfumo endeshi wa Maemo, ambao ni Linux. PinePhone ni simu inayotumia Linux. Bodi ya Raspberry Pi, iliyoanza kuuzwa mwaka 2012, ikiunganishwa na skrini ndogo na betri huwa kompyuta kamili inayotoshea kiganjani. Kwa kuwa bodi hizo hutumia umeme kidogo, zinafaa mahali panapotegemea umeme wa jua.

Zingatia: Simu za Android nazo zina kiini cha Linux, lakini menyu yake haisomi mafaili ya .desktop. Jina na aikoni ya programu ya Android vimo ndani ya kifurushi cha programu yenyewe. Usichanganye mambo haya mawili katika mtihani: kiini kinaweza kuwa kimoja, na menyu ikajengwa kwa utaratibu tofauti.

4. MFANO WA KUFANYIA KAZI

Tuchukue mfano wa karani wa ghala la mpunga karibu na Isaka. Wakulima huleta magunia yao, naye huandika jina la mkulima, idadi ya magunia na tarehe. Mwanafunzi mmoja amemtengenezea programu ya Python ya kutunza kumbukumbu hizo katika kompyuta ya mkononi yenye Raspberry Pi. Programu iko hapa:

/home/karani/kazi/mizigo.py

Programu inafanya kazi vizuri, lakini kila asubuhi karani analazimika kufungua dirisha la amri na kuandika:

python3 /home/karani/kazi/mizigo.py

Kwenye kibodi ndogo ya skrini, herufi moja ikikosewa programu haifunguki, na foleni ya wakulima inazidi kurefuka. Mwishowe karani atarudi kwenye daftari la karatasi, si kwa sababu programu ni mbaya, bali kwa sababu haifikiki. Kazi yetu ni kuiweka kwenye menyu.

5. MUUNDO WA FAILI LA NJIA YA MKATO

Faili linalotakiwa ni hili:

[Desktop Entry]
Type=Application
Name=Cargo Book
Name[sw]=Daftari la Mizigo
Comment=Kuandika magunia yanayoingia ghalani
Exec=python3 /home/karani/kazi/mizigo.py
Icon=/home/karani/kazi/mizigo.png
Terminal=true
Categories=Office;

Maana ya kila mstari ni kama ifuatavyo:

(i) [Desktop Entry] ni kichwa cha faili. Bila kichwa hiki menyu hailitambui faili.

(ii) Type hutaja aina ya kitu kinachoelekezwa. Kwa programu, andika Application.

(iii) Name ni jina litakaloonekana kwenye menyu. Kwenye skrini ndogo chagua jina fupi, kwani jina refu hukatwa.

(iv) Name[sw] ni jina kwa Kiswahili. Herufi sw ni alama ya kimataifa ya lugha ya Kiswahili.

(v) Comment ni maelezo mafupi ya kazi ya programu. Hapa tumeyaandika kwa Kiswahili.

(vi) Exec ni amri itakayotekelezwa mtumiaji anapogusa aikoni. Huu ndio moyo wa faili.

(vii) Icon huonyesha mahali ilipo picha ya aikoni.

(viii) Terminal husema kama programu inahitaji dirisha la amri. Programu ya karani huuliza maswali kwa maandishi, hivyo tumeandika true. Programu yenye dirisha lake yenyewe huandikiwa false.

(ix) Categories huonyesha kundi la menyu ambamo programu itawekwa. Office ni kundi la kazi za ofisi. Malizia kwa nukta-mkato.

Mistari ya lazima kwa programu ya kawaida ni Type, Name na Exec, chini ya kichwa cha faili. Mingine ni ya kuboresha. Mtahiniwa akiulizwa ataje sehemu za lazima, asiorodheshe zote.

6. HATUA ZA KUFUATA

Hatua ya 1: Hakikisha programu yenyewe inafanya kazi. Fungua dirisha la amri uandike amri nzima utakayoiweka kwenye Exec. Kama haifanyi kazi hapa, haitafanya kazi kwenye menyu.

Hatua ya 2: Tengeneza folda ya njia za mkato za mtumiaji, kama haipo:

mkdir -p ~/.local/share/applications

Nukta iliyo mwanzoni mwa neno local inaonyesha kwamba folda hiyo imefichwa. Usishangae usipoiona katika orodha ya kawaida ya mafolda.

Hatua ya 3: Fungua faili jipya kwa kihariri cha maandishi:

nano ~/.local/share/applications/mizigo.desktop

Hatua ya 4: Andika mistari ya sehemu ya 5. Herufi kubwa na ndogo ni vitu viwili tofauti katika Linux. Ukiandika exec badala ya Exec, mstari huo hautahesabiwa.

Hatua ya 5: Hifadhi. Katika nano, bonyeza Ctrl na O, kisha Enter. Halafu Ctrl na X ili kutoka.

Hatua ya 6: Kagua faili kwa amri hii, kama kifurushi cha desktop-file-utils kimewekwa katika kifaa:

desktop-file-validate ~/.local/share/applications/mizigo.desktop

Amri ikirudi kimya, faili limeandikwa sawasawa. Kukiwa na kosa, itakuonyesha.

Hatua ya 7: Fungua menyu uangalie kundi la ofisi. Kama programu haijaonekana, toka kwenye akaunti kisha uingie tena.

Zingatia: Kuna mahali pawili pa kuweka mafaili haya. Folda ya ~/.local/share/applications ni ya mtumiaji mmoja na haihitaji ruhusa maalumu. Folda ya /usr/share/applications ni ya watumiaji wote wa kifaa, na kuandika humo kunahitaji ruhusa ya msimamizi. Baadhi ya vifaa vina mahali pake maalumu. Kwa mfano, katika Maemo ya N900 mafaili hukaa ndani ya /usr/share/applications/hildon.

7. KISWAHILI KWENYE MENYU

Mstari wa Name[sw] ni mfupi lakini una uzito. Mfumo endeshi ukiwa umewekwa kwa Kiswahili cha Tanzania, yaani sw_TZ, menyu hutafuta kwanza Name[sw_TZ]. Isipoupata, huchukua Name[sw]. Usipokuwepo huo nao, ndipo huonyesha Name ya kawaida. Kwa hiyo faili moja linaweza kumwonyesha mgeni jina la Kiingereza na kumwonyesha karani jina la Kiswahili, na programu ikabaki ileile.

Kazi ya kuzipa kompyuta lugha yetu si ngeni hapa nchini. Mwaka 2004 mradi wa Kilinux katika Chuo Kikuu cha Dar es Salaam ulitoa Jambo OpenOffice, programu huria za ofisi zenye menyu za Kiswahili. Kazi hiyo ilihitaji wataalamu na muda mrefu. Mstari mmoja wa Name[sw] unaweza kuandikwa na mwanafunzi wa kidato cha nne kwa dakika moja, na mtu asiyesoma Kiingereza akaweza kufungua programu yake bila kumwita mtu. Anaweza kuwa karani wa ghala Isaka, au mtunza kumbukumbu wa kikundi cha wachimbaji wadogo Geita.

8. MAKOSA YA KAWAIDA NA MAREKEBISHO YAKE

(a) Aikoni haionekani kwenye menyu. Angalia kama jina la faili linaishia na .desktop, kama kichwa kimeandikwa sawasawa, na kama faili liko kwenye folda inayotakiwa. Wakati mwingine kihariri huongeza .txt mwishoni bila mtumiaji kujua.

(b) Dirisha linafunguka na kufunga ghafla. Mara nyingi programu imehamishwa au jina la folda limebadilishwa. Hili ni kontena lililohamishwa bila karatasi kurekebishwa. Rekebisha njia iliyoandikwa kwenye Exec.

(c) Unagusa aikoni na hakuna kinachotokea. Huenda umeandika Terminal=false kwa programu inayohitaji dirisha la amri. Ibadilishe iwe true.

(d) Umetumia alama ya ~ kwenye Exec. Alama hiyo hueleweka katika dirisha la amri, lakini usiitegemee ndani ya faili la .desktop. Andika njia kamili kuanzia /home.

(e) Picha ya aikoni haitokei. Angalia njia iliyoandikwa kwenye Icon. Kosa hili haliizuii programu kufunguka.

Kanuni ya kutafuta kosa: Nakili amri iliyo mbele ya Exec= na uiendeshe kwenye dirisha la amri. Ikikataa, kosa liko kwenye programu au kwenye njia uliyoandika. Ikikubali, kosa liko kwenye faili la .desktop lenyewe. Kanuni hii hugawa tatizo katika sehemu mbili na kukuokoa muda, iwe kazini au kwenye mtihani wa vitendo.

9. NJIA ZA MKATO ZA UONGO

Mtu akitupa njia ya mkato, programu haifutiki. Hii ni karatasi iliyochanika. Kontena bado lipo. Lakini karatasi ya kughushi ni jambo jingine.

Wengi wenu mmewahi kuona flashi ambayo mafolda yake yote yamegeuka kuwa njia za mkato baada ya kuchomekwa kwenye kompyuta ya stesheneri au ya ofisi. Hivi ni virusi vya Windows. Kirusi huficha mafolda halisi, kisha huweka njia za mkato zenye majina yaleyale. Mtumiaji akibofya, amri iliyofichwa huendesha kirusi kwanza, halafu huenda ikafungua folda ili asishuku.

Kosa kubwa hutokea baada ya hapo. Mtu huona mafaili yamepotea, anaambiwa flashi imekufa, naye anaifomati. Kumbukumbu za msimu mzima za magunia ya wakulima zinafutika, ilhali zilikuwemo ndani ya flashi muda wote. Aliyeelewa kwamba njia ya mkato si kitu chenyewe hataifomati. Atajiuliza kwanza: kitu chenyewe kiko wapi?

Namna ya kuokoa mafaili:

(i) Usibofye njia za mkato zilizomo kwenye flashi.

(ii) Ikiwezekana, ifungue flashi katika kompyuta ya Linux. Kwa kawaida Linux haifuati alama ya kuficha ya Windows, hivyo mafolda halisi huonekana. Nakili kumbukumbu zako mahali salama kabla ya kufanya jambo jingine.

(iii) Ukiwa na Windows pekee, na flashi ikiwa ni E, andika amri hii kwenye dirisha la amri ili kuondoa alama ya kuficha:

attrib -h -r -s /s /d E:\*.*

(iv) Baada ya kunakili, safisha flashi na kompyuta kwa programu ya kuzuia virusi.

Tahadhari hii inahusu Linux pia. Mstari wa Exec unaweza kubeba amri yoyote, hata ya kufuta mafaili, huku Name ikionyesha jina la kupendeza. Ukipewa faili la .desktop na mtu usiyemfahamu, lifungue kwa kihariri na usome Exec kabla ya kulitumia. Faida ya maandishi ya kawaida ni hiyo: unaweza kuikagua karatasi kabla ya kupokea mzigo.

10. MUHTASARI

Njia ya mkato ni faili linaloelekeza kwenye programu. Katika Linux ni faili la maandishi lenye kiendelezi .desktop. Sehemu za lazima kwa programu ya kawaida ni Type, Name na Exec. Huwekwa kwenye ~/.local/share/applications kwa mtumiaji mmoja, au /usr/share/applications kwa wote. Kulifuta hakufuti programu, na kuihamisha programu bila kulirekebisha hulifanya lisifae. Soma Exec kabla ya kuamini Name.

11. MASWALI YA KUJIPIMA

1. Toa tofauti mbili kati ya njia ya mkato na programu.
2. Karani amefuta faili la mizigo.desktop kwa bahati mbaya. Je, kumbukumbu za magunia zimepotea? Eleza.
3. Andika faili la .desktop kwa programu yenye dirisha lake yenyewe iliyoko /home/asha/alama/alama.py. Jina lake kwa Kiswahili liwe Daftari la Alama.
4. Kwa nini simu ya Android haitumii faili la .desktop ingawa ina kiini cha Linux?
5. Rafiki yako anataka kuifomati flashi yake kwa sababu mafolda yote yamegeuka njia za mkato. Mshauri kwa hoja tatu.

MAJIBU YA MFANO

1. (a) Programu ina maagizo ya kazi yenyewe. Njia ya mkato ina maelezo ya mahali programu ilipo. (b) Programu ikifutwa, kazi haiwezi kufanyika. Njia ya mkato ikifutwa, programu bado inaweza kufunguliwa kwa njia nyingine.

2. Hapana. Faili la mizigo.desktop huelekeza tu kwenye programu. Programu na kumbukumbu zake bado zipo mahali pake. Karani anaweza kufungua programu kwa dirisha la amri, au kuandika upya faili la .desktop.

3. [Desktop Entry]
Type=Application
Name=Mark Book
Name[sw]=Daftari la Alama
Exec=python3 /home/asha/alama/alama.py
Terminal=false
Categories=Education;

4. Kwa sababu menyu ya Android imejengwa kwa utaratibu wake. Husoma jina na aikoni kutoka ndani ya kifurushi cha programu, wala haitafuti mafaili ya .desktop.

5. (a) Mafolda halisi huenda yamefichwa tu, hayajafutwa. (b) Kufomati kutayafuta, na kuyarudisha itakuwa vigumu. (c) Aifungue flashi kwenye Linux au atumie amri ya attrib katika Windows, anakili mafaili yake mahali salama, ndipo aisafishe flashi.

Kidokezo kwa mtahiniwa: katika swali la 2 na la 5, jibu la «ndiyo» au «hapana» pekee halitoshi. Eleza sababu. Aliyeelewa sababu atajibu hata swali ambalo hajawahi kuliona.